Nyasi Alizopandiwa Felicitas

Felicitas ndiye aliyegundua kwanza, na aligundua kwa nyayo. Ilikuwa asubuhi moja ya Juni, mwaka uliofuata zile mvua kubwa za El Nino. Alikuwa akitembea peku kwenye nyasi za uani, kama alivyozoea kila siku baada ya chai, mkono wa kushoto umeshika kamba ya katani ambayo mwanawe alimfungia kutoka nguzo ya baraza hadi mwisho wa ua. Katikati ya safari akasimama. Akapapasa chini kwa vidole vya mguu, akarudi nyuma kidogo, akaenda mbele tena.

"Mama Mukiri," aliita, "hapa nyasi zimepatwa na nini?"

Mwanatatu, mke wa mwanawe, alikuwa akianika nguo. Aliacha beseni akaja. Mwanzoni hakuona kitu. Alipochuchumaa ndipo alipoona kwamba kijani kilikuwa kimefifia, kikawa rangi ya chai iliyozidi maziwa, mahali penye upana wa sinia. Alimwambia mama mkwe wake kwamba ni jua la Ruiri tu na upepo wake, jioni ataongeza maji. Felicitas akaitikia, lakini aliendelea kusimama pale kwa muda, kichwa kimeinama, kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo.

Felicitas hakuwa anaona. Presha ya macho ilimwanza polepole akiwa bado kwake Mikinduri, naye akadhani ni uzee, mpaka siku alipomsalimia mti wa parachichi akifikiri ni jirani yake. Yeye mwenyewe alipenda kuisimulia hiyo na kuicheka. Hospitalini aliambiwa kwamba amechelewa, na kwamba macho yaliyopotea kwa ugonjwa ule hayarudi. Hata hivyo aliendelea kukaa peke yake katikati ya miraa na migomba yake hadi alipoanguka kwenye mtaro akavunjika kifundo cha mkono. Hapo ndipo Kaberia, kitindamimba wake, dereva wa lori kati ya Meru na Isiolo, alipokwenda kumchukua na kumleta kwake Ruiri.

Kuja kwake hakukuwa jambo jepesi. Kaberia alikuwa amesilimu ili amwoe Mwanatatu, binti wa Omar, mchinjaji wa Embu mjini. Akapewa jina la Ali, ambalo hakuna aliyelitumia isipokuwa baba mkwe wake. Felicitas, aliyebatizwa na mapadri Waitaliano na kuimba kwaya hadi sauti ikamchoka, hakuhudhuria nikahi. Hakutukana wala hakulaani. Alituma neno kwamba siku hiyo alikuwa na njahi, yale maharagwe meusi, za kupanda. Binti yao alipozaliwa, Mwanatatu mwenyewe ndiye aliyesema apewe jina la Mukiri, jina la nyumbani la Felicitas, kama desturi ya Wameru inavyotaka. Bibi alimtumia mjukuu blanketi, lakini yeye hakuja.

Kwa hivyo alipowasili akiwa ameshikwa mkono, yeye na Mwanatatu waliogopana. Miezi ya mwanzo Felicitas alishinda barazani kwenye kiti, mikono mapajani, akila alichopewa na kushukuru kwa adabu kama mgeni. Ua ulikuwa wa kokoto na vumbi, na kila alipojaribu kutembea alijikwaa. Siku moja Mwanatatu alimuuliza ni nini anachokosa zaidi. Mzee alifikiri kwanza. Akasema anakosa kutembea bila woga. Alikuwa amelima maisha yake yote peku, na sasa alikuwa haujui udongo.

Kesho yake Mwanatatu alianza kuokota mawe uani kwa karai. Akalima, akasawazisha, kisha akajifunga ushungi wake vizuri akaenda hadi kwenye uwanja wa kanisa la Kikatoliki, ambako nyasi za kikuyu, zile zinazotambaa, zilikuwa zimezidi hata zikaingia barabarani. Katekista alimtazama, akamuuliza Mwislamu anataka nyasi za kanisa za nini. Alipoambiwa ni za miguu ya mama mkwe asiyeona, aliacha shughuli zake akamsaidia kung'oa vipando vya kujaza magunia mawili. Mwanatatu alivipanda kwa mistari, na mvua za El Nino, zilizowaharibia wengine madaraja na mashamba, kwake zilikuwa kama zimetumwa. Kufikia Krismasi ua mzima ulikuwa mkeka. Siku Felicitas alipovua viatu na kuukanyaga kwa mara ya kwanza hakusema neno. Alikwenda na kurudi, akaenda na kurudi, mpaka jua likamchoma, na jioni akaomba aongezewe chakula.

Ndiyo maana lile doa la Juni lilimtia Mwanatatu wasiwasi zaidi kuliko alivyoonyesha.

Alimwagilia jioni, na jioni iliyofuata. Maji ya mradi yalikuja kwa zamu, hivyo alikuwa akijaza mapipa na kubeba ndoo. Doa halikupona. Badala yake likapanuka, na mengine yakatokea: moja karibu na tangi, mengine madogo madogo kando ya kamba, na moja kubwa chini ya mti wa parachichi uliokuwa pale uani. Ndani ya wiki chache ua ulikuwa na mabaka kama ngozi ya mtoto mwenye choa. Mwanatatu alianza kujilaumu. Mwezi wa Machi alikuwa amemwaga mbolea ya ng'ombe aliyopewa na jirani yao Mithika, na alikuwa ameimwaga kwa mkono mkunjufu akidhani anazitendea nyasi wema. Labda alikuwa amezichoma.

Kaberia aliporudi mwisho wa juma aliuzunguka ua, akapiga teke kipande kilichokauka, akasema jambo ambalo kwa dereva lilikuwa na akili. Alisema afadhali amwage saruji. Njia nyembamba, laini, ya kumtosha mama kutembea, isiyohitaji maji wala mbolea. Aliyejibu alikuwa Felicitas, kutoka barazani. Alisema wasijisumbue kwa ajili yake, wala kwa saruji wala kwa nyasi. Wamemfanyia ya kutosha. Pengine wakati umefika arudishwe Mikinduri, msichana wa kumshika mkono angetafutwa. Alilisema kwa upole, kama mtu anayeaga mapema ili asiwacheleweshe wenyeji.

Maneno hayo yalimchoma Mwanatatu kuliko alivyotarajia. Usiku ule alimwambia mumewe kwamba asithubutu kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Kaberia alimuuliza kwa nini, naye Mwanatatu akageukia ukuta.

Jumapili iliyofuata alikuja Kathure, dada mkubwa wa Kaberia, mfanyabiashara wa nguo mjini Meru. Alikuwa mwanamke mkarimu, mwenye mikono iliyojaa mikate na matunda kila alipokuja, lakini hakuwa amezoea ndoa ya ndugu yake. Waliketi barazani, yeye na mama yake, na Mwanatatu akawaletea mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa pamoja. Kathure alitazama ua, akatikisa kichwa, akaongea kwa Kimeru. Alisema sababu iko wazi. Ni yale maji ya kunawa kila saa, ya sala zao, anayomwaga hapo nje na sabuni yake. Nyasi haziwezi kustahimili.

Alidhani Mwanatatu haelewi. Lakini miaka ya ndoa na mwaka na zaidi wa kuishi na Felicitas ilikuwa imemfundisha Kimeru cha kumtosha, na alisimama pale mlangoni na sufuria mkononi, akisikia kila neno.

Felicitas hakumjibu bintiye kwa Kimeru. Alimjibu kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake kizito cha sokoni, polepole, na kwa sauti ya kufika mlangoni.

"Maji ya kutawadha hayana sabuni, Kathure. Ni maji matupu. Nimeyasikia kila alfajiri tangu nije hapa. Na huyu huwa anayabeba anakwenda kumwagia sukuma wiki nyuma ya jikoni, kwa sababu maji ni shida. Hata tone moja halijaanguka kwenye nyasi. Kama hujui, uliza. Mimi sina macho na ninajua."

Kathure alisema kwamba hakuwa na nia mbaya, alikuwa anatafuta sababu tu. Felicitas akamwambia basi watafute sababu wote, lakini waitafute chini kwenye udongo.

Mwanatatu alirudi jikoni akaweka sufuria mezani. Hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kumsemea. Mumewe alimpenda, lakini Kaberia alikuwa mtu wa kuepuka maneno. Penye ugomvi alikumbuka tairi la kukagua. Na sasa mwanamke aliyekosa nikahi yake kwa sababu ya njahi alikuwa amemsemea mbele ya bintiye wa kuzaa. Mwanatatu alitaka kwenda kumshukuru pale pale, lakini kila sentensi aliyoijaribu ilimshinda.

Kathure alipoondoka, alitoka nje, akamsogelea mama mkwe wake, akamshika mkono. Badala ya shukrani, likamtoka ombi.

"Mama, umesema tutafute kwenye udongo. Nionyeshe. Mimi ninaona rangi tu, na rangi zote ni moja."

Felicitas alivua viatu.

Walianza karibu na kamba. Mzee alikanyaga kila doa taratibu, akilibonyeza kwa kisigino, kisha kwa vidole, na kueleza anachohisi. Haya madogo ya kando ya kamba, alisema, ni makavu na yanachoma kama mabua, lakini chini pagumu, nyasi zimeshika. Na pembeni yake kuna pete ya nyasi ndefu, nene kuliko zingine zote. Mwanatatu alichungulia, na kweli, kila doa dogo lilikuwa limezungukwa na kijani kilichokolea. Alikuwa ameyatazama kwa wiki nzima bila kuiona ile pete.

Walipofika chini ya parachichi, Felicitas alisita. Akapakanyaga tena.

"Hapa ni tofauti," alisema. "Hapa panabonyea. Ni kama godoro. Vuta nyasi za hapa."

Mwanatatu alishika konzi ya nyasi akavuta, akitarajia ukinzani. Karibu aanguke chali. Zilikuja zote pamoja, kama mtu anayekunja mkeka, bila mzizi hata mmoja. Na chini yake, kwenye udongo mweusi, walikuwa wamelala wadudu weupe, wanene, wenye vichwa vya kahawia, wamejikunja kama vidole vya mtoto aliyelala. Walikuwa wengi mno. Mwanatatu aliruka nyuma. Kisha alirudi, akachukua mmoja, akauongoza mkono wa Felicitas hadi kwenye kiganja chake ili amguse. Mzee alimgusa, akatabasamu.

"Huyu namjua," alisema. "Alikuwa anakula mizizi ya viazi vyangu."

Siku ya pili yake Mwanatatu alitia wachache kwenye mkebe wenye udongo, akaenda sokoni Ruiri kwenye duka la dawa za mimea na mifugo. Mwenye duka aliitwa Rwamba, mwanamke wa Kimbeere kutoka upande wa Gachoka, si mbali na Embu, na kwa sababu Mwanatatu alikuwa wa Embu, walisalimiana kila mara kama watu waliopotelea ugenini pamoja. Rwamba alimimina udongo kwenye gazeti akawatazama. Alisema ni mabuu wa mbawakawa, wale wadudu wanaogonga taa jioni mvua zikianza. Mama yao hutaga mayai ardhini, na watoto wakitoka hula mizizi. Nyasi zikikosa mizizi, hata ukizimwagia Mto Tana wote hazitakunywa.

Akamuuliza aliweka mbolea gani. Mwanatatu alieleza kuhusu mbolea ya Mithika, iliyotoka zizini moja kwa moja, bado ina mvuke. Rwamba hakumcheka. Alisema watu wengi hufanya hivyo kwa nia nzuri, lakini mbolea mbichi huwaita mbawakawa kama nyama inavyowaita nzi. Mbolea ikae kwanza, ioze, ipoe, iwe inanukia kama udongo wa msituni.

Mwanatatu aliomba dawa. Rwamba alienda hadi kwenye rafu, akashika chupa, halafu akauliza ni nani anayetembea kwenye nyasi hizo. Alipojibiwa, aliirudisha chupa mahali pake.

"Dawa ninayo, na kama yangekuwa mahindi ningekuuzia," alisema. "Lakini mzee anayekanyaga peku kila siku, na mtoto anayecheza hapo, hapana. Kazi hii ifanye kwa mikono. Una kuku?"

Alikuwa nao. Rwamba alimfundisha jinsi ya kufanya, akamwambia aende na asisahau kurudi kumweleza yalivyokwenda. Mwanatatu alirudi nyumbani na mkebe mtupu na moyo mwepesi. Alikuwa amekwenda kununua sumu akapewa ushauri wa bure.

Kuhusu madoa madogo yenye pete hakukuwa na haja ya kumuuliza mtu. Asubuhi iliyofuata Mwanatatu alisimama dirishani akatazama. Felicitas alishuka barazani, akashika kamba, na mara Popi, jike la mbwa la Kaberia, akatokea nyuma ya tangi na kumfuata unyounyo. Kila mahali mzee aliposimama kupumzika, alitia mkono mfukoni, akatoa tonge la ugali wa jana, akalidondosha. Popi alikula, akalamba mkono, akachuchumaa papo hapo akakojoa, kisha wakaendelea na safari.

Mwanatatu alicheka hadi akashika tumbo. Alipotoka na kueleza, Felicitas alifunika uso kwa lesso kama msichana aliyefumaniwa. Alikiri kwamba alikuwa akimlisha mbwa kwa siri, kwa kuwa alijua Mwanatatu, kwa dini yake, hapendi kukaribiwa na mate ya mbwa, naye hakutaka kumkwaza. Lakini njia ile ilikuwa na upweke asubuhi, na Popi alikuwa na pumzi nzuri ya kusikiliza. Walikubaliana kwamba tonge zitolewe nyuma ya jikoni, kwenye migomba, kabla ya matembezi, na kwamba Popi akijisahau, ndoo ya maji imwagwe hapo hapo kabla mkojo haujachoma. Mwanatatu alisema mbwa ataendelea kumsindikiza, hilo lisibadilike.

Kazi kubwa ilikuwa ya mabuu. Walianza Jumatano, Mukiri akiwa shuleni na Kaberia akiwa njiani. Mwanatatu alikata nyasi zilizokufa kwa panga, akazikunja na kuzitupa, kisha akaupindua udongo kwa jembe, kina cha kiganja. Felicitas alikataa kubaki barazani. Aliomba gunia la kukalia, akanyoosha miguu, akaanza kuchambua udongo kwa vidole. Mwanatatu alifikiri angemsaidia kidogo na kuchoka. Lakini mikono ile ilikuwa imechambua maharagwe na dengu kwa miaka mingi, na haikuhitaji macho. Udongo ulipita kati ya vidole vyake, na kila penye unene laini alisimama, akachomoa, akatupa kando. Kuku walijipanga mbele yake kama watoto wa shule wanaosubiri uji.

Upepo ulikuwa umetulia, na Mlima Kenya ulikuwa wazi, jambo ambalo Mwanatatu alilitaja kwa sababu alijua mama mkwe wake hupenda kuambiwa. Felicitas aligeuza uso upande ule. Kisha akasema, bila kuacha kuchambua:

"Mama Mukiri, nikuambie kitu. Nilipoambiwa macho hayarudi, nilimwomba Mungu anichukue. Nilimwomba sana. Halafu nikamwomba kifo chepesi. Halafu nikachoka kuomba. Sikuwahi kumwomba nyasi. Sikujua kwamba mtu anaweza kuomba nyasi." Alitoa buu mmoja, akawatupia kuku. "Wewe ndiye uliyejua. Na siku nilipozikanyaga nilishindwa kukwambia ahsante, kwa sababu ningeianza, ningelazimika kuanzia mbali, kwenye nikahi yenu. Sasa ninaianza. Sikuwa na njahi zozote za kupanda siku ile. Nilikaa tu jikoni. Nisamehe, na ahsante."

Mwanatatu aliweka jembe chini. Alikaa kwenye udongo kando ya lile gunia, na sasa sentensi iliyomkwama siku ya Kathure ikatoka bila shida.

"Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili," alisema. "Tangu hapo hakuna mwanamke aliyewahi kuniamsha daku. Ramadhani iliyopita wewe uligonga ukuta kwa bakora kila alfajiri, ukaja kukaa na mimi jikoni nikila, ingawa si mfungo wako. Ulisema kwamba huna usingizi tu. Mimi nilijua. Na Jumapili ulinisemea. Usirudi Mikinduri, Mama. Nyasi zikifa nitapanda zingine."

Felicitas alimtafuta kwa mkono, akaupata ushungi, akapapasa hadi shavuni. Kiganja chake kilikuwa kimejaa udongo na kikaacha alama. Akasema kwamba Mikinduri haikuwa inamwita kamwe. Alikuwa anaogopa kuwa mzigo. Kisha akauliza kama kuku wamemaliza, maana ana wengine mkononi.

Ardhi iliachwa wazi kwa siku kadhaa, kuku wakaichakura watakavyo. Baadaye Mwanatatu alileta mbolea ya zamani kutoka chini kabisa ya lundo la Mithika, ile nyeusi isiyo na harufu, akaichanganya na udongo, akasawazisha. Vipando havikuhitaji kutoka kanisani safari hii. Alivikata kwenye pete zile zile nene ambazo mkojo wa Popi ulikuwa umezistawisha, akavipanda kwa nafasi ya kiganja, akavikanyaga vishike. Alimwagilia asubuhi mapema, mara chache lakini kwa wingi, ili mizizi ijifunze kwenda chini. Kaberia aliporudi alikuta mkewe na mama yake wamekaa kwenye gunia moja wanabishana kuhusu mboji. Aliwatazama, akaenda kukagua tairi, lakini jioni alijaza mapipa yote bila kuambiwa, na habari ya saruji haikusikika tena.

Vipando vilikaa wiki nyingi kama vimekufa, vijiti vya kahawia kwenye udongo wa kahawia. Felicitas aliviangalia kila siku kwa vidole na kusema bado, bado. Lakini Oktoba mvua zilipoanza, asubuhi moja alichuchumaa, akakaa hapo, na Mwanatatu alipomkaribia alishikishwa kitu chembamba, laini, chenye unyevu. Ilikuwa ni ncha ya jani jipya. Havikupona vyote. Kuna mahali karibu na lango ambapo, walipochimba, walikuta jiwe bapa chini yake, na nyasi za hapo huungua kila kiangazi hadi leo. Waliliacha.

Novemba, jumuiya ya akina mama wa kanisa waliomba kuja kusali nyumbani kwa Felicitas. Yeye ndiye aliyemuuliza Mwanatatu kama ni sawa, na Mwanatatu alisema nyumba ni yake, akaweka maji ya chai. Felicitas alikataa wakae sebuleni. Aliwaamuru wote wavue viatu waketi kwenye nyasi, hata mwenyekiti wao aliyekuwa na soksi ndefu za nailoni. Mwanatatu alikuwa jikoni akipanga vikombe dirisha likiwa wazi. Alisikia nyimbo, akasikia rozari. Mwishoni, kila mmoja akitoa shukrani zake, alisikia sauti ya mama mkwe wake, kwa Kimeru, ikimshukuru Mungu kwa mambo mengi ya kawaida: kwa mvua, kwa mjukuu, kwa mwanawe kurudi salama barabarani. Na kwa Mwanatatu, aliyemjua kwa jina kabla hajamjua kwa moyo. Akina mama wakaitikia amina.

Kathure, aliyekuja kutoka mjini kwa ajili ya siku hiyo, alikuwa miongoni mwao. Chai ilipokwisha na wengine kuvaa viatu vyao, alibaki nyuma, akasaidia kukusanya vikombe, akasema ua wa nyumba yake mpya mjini ni matope matupu. Alitaka kujua kama angeweza kupata vipando. Alisita, kisha akasema kwa Kiswahili:

"Lakini wifi, njoo uvipande wewe mwenyewe. Mimi nitavikosea."

Mwanatatu alikwenda Jumamosi hiyo, kwa lori la Kaberia, magunia ya nyasi nyuma na Felicitas mbele katikati yao. Kathure aliwapokea akiwa tayari amefunga lesso kiunoni. Mbolea ilikuwa kwenye kona, lundo jipya, na Mwanatatu aliipima kwanza kwa kuinusa. Haikuwa tayari. Akamwambia wifi yake watavipanda vipando bila mbolea, na ile waifunike kwa majani ya mgomba mpaka Aprili. Felicitas aliomba kiti, akakiweka katikati ya ua, akavua viatu, na kuanzia pale akawa anawaambia waokote mawe vizuri.